Dawa ya Babu Sadallah

Mwaka ule masika yalipokolea, Babati ikiwa bado inajizoeza kuitwa makao makuu ya mkoa, Paskalina alikuwa na hofu nyingi, lakini moja ndiyo iliyomkosesha raha. Aliogopa korongo likijaa. Aliogopa viboko wa ziwani wanaopanda kula mahindi ya watu. Aliogopa hata magari ya wakubwa wapya waliohamia na mkoa, yaliyopita barabara ya mtaa wao wa Nakwa yakirusha tope bila kujali nani ameanua nguo na nani hajaanua. Hizo zote alizibeba kama mama yeyote anavyobeba. Hofu kubwa ilikuwa macho ya mtoto wake.

Mama yake mzazi, kule Mbulu, alikufa haoni. Kope zilimgeukia ndani, zikawa zinamkwaruza kila anapopepesa, mpaka mboni zikawa nyeupe kama maziwa yaliyoganda. Paskalina akiwa msichana wa shule ndiye aliyekuwa anamshika mkono kumpeleka chooni. Alimaliza darasa la saba hivyohivyo, daftari mkono mmoja, mama mkono wa pili. Basi alipojaliwa mtoto wa kike, Mektilda, kitu cha kwanza alichokitazama mkunga alipomkabidhi ni macho.

Na Mungu naye akampa mtoto wa kusoma. Mektilda alipofika darasa la nne, shule yao ilikuwa imepata maktaba. Ilikuwa stoo ya majembe na mahindi, ikapakwa chokaa na wazazi wenyewe. Ofisi moja ilipohamia jengo jipya iliacha makabati yake, shule ikayaomba. Mwalimu Eustace, mwalimu wa Kiswahili, alizunguka mji mzima akiomba vitabu parokiani, kwa Walutheri, msikitini, kwa yeyote mwenye kitabu kinacholiwa na mende. Chumba kiliendelea kunuka mahindi, lakini watoto walikigombania kama vile ndani wanagawa maandazi.

Majira yale shule ilikuwa na kazi mbili. Asubuhi baadhi ya siku madarasa makubwa, kuanzia la nne, yaliingia shamba la shule kupalilia, mchana yakaingia maktaba. Mlangoni kulikuwa na ndoo ya maji, na Mwalimu Eustace alisimama hapo kukagua mikono, kiganja na mgongo wake.

"Mkono huu umetoka kumzika nani?" alikuwa anauliza. "Rudi ukanawe. Kitabu hakipaliliwi."

Watoto wanacheka, wananawa tena.

Mektilda aliruhusiwa kuondoka na kitabu kimoja kimoja, akakifunga ndani ya mfuko wa rambo ili kisilowe. Akifika nyumbani ni kibatari, ni moshi, ni kitabu.

"Mama, kumbe kiboko hawezi kuogelea," alisema jioni moja, Paskalina akipukuchua mbaazi.

"Nani kakudanganya? Hao walioko ziwani wanafanya nini, wanafua?"

"Anatembea chini kabisa kwenye tope. Akitaka kupumua anajisukuma juu. Imeandikwa."

"Imeandikwa!" Paskalina alicheka. "Haya, imeandikwa pia nani ataosha vyombo?"

Mtoto naye akacheka, na katika kucheka akajifuta jicho. Paskalina akaacha mbaazi. Akamvuta kidevu kwenye mwanga wa mlango. Macho yalikuwa mekundu, yote mawili, yana machozi ya moshi.

Hapo ile hofu ikampanda kichwani. Akamwona mama yake amekaa kwenye kigoda kule Mbulu, uso ameuelekeza kwenye sauti.

"Sikiliza, Mektilda. Siku nikisikia tena macho yanauma, maktaba basi. Sitauliza ni moshi au ni nini. Nakwenda mwenyewe kwa Mwalimu Eustace nakufuta jina. Umenisikia?"

"Nimesikia."

"Yanauma au hayaumi?"

"Hayaumi, mama."

Paskalina akarudi kwenye mbaazi zake. Moyoni aliridhika. Mtoto ameogopa, basi ameonyeka.

Nyumba ya jirani ilikuwa ya Abdulsalam, mwenye duka la rejareja. Mke wake, Siti, na Paskalina walishazoeana mpaka mmoja akiishiwa chumvi hasemi, anaingia tu na kuchota. Bintiye Siti, Najma, alikaa dawati moja na Mektilda. Ndani ya nyumba hiyo alikuwepo pia baba yake Abdulsalam, Babu Sadallah, ambaye kabla ya mvua alikuwa ametolewa mtoto wa jicho, jicho la kushoto. Akarudi anaona, na tangu siku hiyo hakukaa kimya.

"Abdulsalam, kumbe umeota mvi namna hii! Mbona hamkuniambia mwanangu amezeeka?"

Na kwa Paskalina: "Shikamoo yako nilikuwa naisikia tu, Mama Mektilda. Kumbe mwenye nayo ni mrefu kama mlingoti wa bendera!"

"Marahaba nipe wewe, babu, urefu niachie," Paskalina anamjibu.

Kila kutwa mzee aliisifu dawa yake ya matone. Jicho lilikuwa jekundu kama nyanya, anasema, wakatia dawa, kesho yake limetulia, kesho kutwa jeupe. Dawa ya maajabu. Alipopona Siti akakihifadhi kichupa juu ya kabati, dawa imebaki nusu, na nani atamwaga dawa nzuri? Watoto wawili wa darasa la nne walikaa pale mkekani wakisikiliza sifa hizo kila siku.

Mwalimu Eustace akatangaza kwamba mwishoni mwa palizi itafanyika Siku ya Kusoma. Wazazi wataalikwa, kila darasa litatoa msomaji mmoja. Darasa la nne akachaguliwa Mektilda. Wavulana wakamwita Profesa, mpaka mtaani. "Profesa, mambo?" Naye anajibu, "Poa," huku anaficha meno.

Sasa yaliyotokea shambani Paskalina aliyajua baadaye, kwa kinywa cha Najma, lakini tuyaweke hapa mahali pake ili msomaji asipotee.

Ilikuwa palizi ya pili, mahindi yameshawapita watoto vichwa. Mektilda aliinama kung'oa gugu, akainuka kwa haraka maana kiranja alikuwa anamwita, na jani la hindi likampita ndani ya jicho la kushoto, ule ukingo wake wenye meno. Akaachia jembe, akachuchumaa.

"Nini?" Najma akauliza.

"Jani limenikata."

"Nione. Toa mkono. Lia basi, machozi yataosha."

"Nikilia litakuwa jekundu. Mama ataona."

"Mwambie ni jani."

"Kasema hatauliza ni nini. Ananitoa maktaba. Na Siku ya Kusoma?"

Najma alifikiri kidogo. Alikuwa mtoto wa huruma, na hiyo ndiyo shida yenyewe.

"Dawa ya babu si ipo?" akasema.

Mchana ule walipanda kwenye kiti, wakateremsha kichupa. Wala hawakukurupuka. Walifanya kama Mwalimu Eustace alivyowafundisha: soma kwanza mpaka mwisho, ndipo utende. Kwenye kibandiko muuguzi alikuwa ameandika kwa Kiswahili, herufi safi. Wakasoma kwa zamu, kidole chini ya maneno. Tikisa kabla ya kutumia. Tone moja, jicho la kushoto, mara nne kwa siku.

"Lako si la kushoto?"

"La kushoto."

"Basi ndiyo yenyewe. Tazama juu."

Wakatikisa. Wakadondosha tone moja, si mawili. Asubuhi Mektilda anapitia kwa kina Najma kabla ya shule, wanadondosha. Mchana, alasiri, na jioni akitumwa chumvi. Watoto wawili waaminifu kuliko wagonjwa wengi wakubwa.

Paskalina aliona nini? Siku ya kwanza aliona jicho limevimba kidogo. Akauliza, akaambiwa ni vumbi la chokaa maktaba walipokuwa wanafagia, limeshatoka, na jicho haliumi. Siku zilizofuata akamwita kila asubuhi mlangoni, akamtazama. Wekundu ulikuwa unapungua. Ukapungua tena. Asubuhi moja jicho lilikuwa jeupe kabisa, jeupe la kupendeza, na Paskalina akapiga ishara ya msalaba hapohapo kizingitini akamshukuru Mungu. Ndani ya ule weusi hakutazama. Alikuwa anatafuta wekundu, na wekundu haukuwepo.

Kitu kimoja kilimchekesha. Mtoto alikuwa ameanza kusoma kichwa upande.

"Mbona unasoma kama kuku anayetazama mwewe?"

"Ndiyo mtindo wa Siku ya Kusoma, mama. Usiwaangalie watu."

"Makubwa," akasema, akaenda zake.

Siku yenyewe mvua iliwahi kuliko wazazi. Waliminyana kwenye baraza la maktaba na ndani, akina mama na miamvuli yao, akina baba wachache wamesimama ukutani, Babu Sadallah mbele kabisa na jicho lake jipya. Mvua ikapiga bati mpaka mtoto wa darasa la pili akawa anafumba na kufumbua mdomo tu, hasikiki. Ikabidi kungoja. Ilipolegea akaitwa Mektilda.

Alisoma habari ya viboko. Sauti yake ilitoka kama maji ya bomba, bila kukwama, na wanaume wa ukutani wakaacha kuongea mambo ya mbegu. Paskalina alihisi kifua kinamjaa. Katikati ya ukurasa mtoto alinyamaza. Akasogeza kitabu kulia, akakisogeza tena. Najma, aliyekaa jamvini, akamrushia neno kwa chini, naye akaendelea mpaka mwisho. Hata ukurasa aliusahau kuufunua, aliendelea tu kwa kichwa. Watu wakapiga makofi. Babu Sadallah akasema kwa sauti kwamba huyu atakuwa mkuu wa mkoa, na mkoa wenyewe bado mchanga, watangoja.

Paskalina alipenya hadi mbele, akamshika mtoto mashavu kwa mikono miwili, akamgeuzia nje kwenye mwanga ili amwone vizuri.

Kwenye weusi wa jicho la kushoto kulikuwa na kitu cheupe, kama punje ya mchele.

"Hiki nini?"

Mektilda akalifumba jicho hilo.

"Mektilda, hiki nini kwenye jicho lako?"

"Hakiumi, mama." Akaanza kulia. "Hakiumi sana."

Makofi yalikuwa bado yanapigwa, sasa ya kumkaribisha mtoto wa darasa la tano aliyekuwa anasimama.

Muuguzi wa macho pale mjini alimlaza mtoto chali, akammulika, akammulika tena kwa karibu.

"Aliumia na nini?"

"Vumbi la chokaa."

"Si vumbi hili. Mtoto, niambie wewe. Sikuchapi."

Likatoka lote: jani, kiti, kichupa, tone moja mara nne. Alilieleza kwa mpangilio, kama anayesoma. Muuguzi alikaa kwenye kiti.

"Dawa ile haina kosa," akamwambia Paskalina. "Ni ya kutuliza jicho lililofanyiwa upasuaji. Lakini jani la hindi likikata jicho linaacha fangasi, kama ule ukungu unaouona kwenye mahindi yaliyolowa. Jicho linawaka jekundu kwa sababu linapigana. Hii dawa inaliambia jicho liache kupigana. Wekundu unaondoka, maumivu yanapungua, na fangasi anaendelea kula."

Paskalina alifikiria kizingiti cha nyumba yake.

"Kwa hiyo nilipoliona limekuwa jeupe..."

"Mama, usijitese kwa hilo. Twende na yaliyopo. Mnakwenda Moshi, hospitali kubwa, leo kama gari lipo."

"Litapona?"

Muuguzi alikuwa ameshaanza kuandika. "Muwahi Moshi," akasema.

Waliwahi. Kwa kadiri mtu anavyoweza kuwahi akiwa amechelewa. Kule Moshi walimtia Mektilda dawa nyingine, kila mara, mchana na usiku, na Paskalina akawa anamshika mikono maana dawa ilikuwa inawasha kama pilipili. Hakuwa na kazi nyingine ya kufanya. Wauguzi walijua, madaktari walijua, hata mama wa kitanda cha pili alijua zaidi yake. Yeye alikuwa na mikono miwili ya kushikia mikono ya mwanawe, basi. Mwisho daktari alimwita pembeni akamwambia jicho litabaki mahali pake, hawataling'oa, ila halitaona. Akamweleza na la pili: limebaki hilo, lilindwe. Likiwa jekundu, likiuma, likitoa machozi, siku hiyohiyo apelekwe, isipite hata kesho.

"Nitajuaje kama linauma?" Paskalina aliuliza.

Daktari alidhani hajaelewa. "Atakwambia," akasema.

Waliporudi Nakwa, Siti alikuja kabla hawajafungua mizigo. Hakubisha hodi. Aliingia, akaketi chini, si kwenye kiti.

"Kile kichupa nilikiweka juu ya kabati," akasema. "Juu kabisa, Mama Mektilda. Nilikiweka juu."

"Wanapanda."

"Wanapanda, ndiyo. Ningekiweka wapi sasa?"

"Ungemwaga."

"Ningemwaga." Siti alivuta ncha ya mtandio akajifuta. "Babu hali chakula. Anasema wangemwacha na upofu wake. Najma nimemchapa, halafu nikalia mimi. Nitukane basi, dada yangu. Nitukane nijue moja."

Paskalina alikuwa ameyabeba matusi tangu Moshi, ameyapanga vizuri. Angemtukana nani? Mtoto aliyemwonea mwenzake huruma? Mzee aliyefurahi kuona? Muuguzi aliyeandika vizuri mpaka watoto wakaweza kusoma?

"Kunywa chai, Mama Najma," akasema. Habari ya ile jioni ya mbaazi, na maneno aliyomwambia mtoto, hakumgusia.

Baada ya hapo akawa mtu wa kuwaonya watu. Bombani, baada ya misa, kwenye gulio akiuza mbaazi: dawa ya macho ikibaki imwage. Usimtie mtoto dawa ya mtu mwingine, hata kama jicho ni la upande uleule. Jani likimkata mtoto shambani, jicho hilo si la kungoja kesho. Na usimwambie mtoto kwamba akiumwa atanyang'anywa anachokipenda, maana hataacha kuumwa, ataacha kusema. Hili la mwisho alilisema haraka haraka, akitazama chini. Watu walimsikiliza vizuri sana. Wakasema pole, Mama Mektilda, pole jamani. Kisha mmoja anauliza mtoto yuko darasa la ngapi sasa, mwingine anapima mbaazi, na Paskalina anawaona wanaondoka kwenda kwenye nyumba zao zenye makabati.

Kwa mtoto alijaribu kila njia. Alimkalisha akamwambia: ukisema jicho linauma, sitakukataza kusoma, naapa mbele ya Mungu. Vitabu vyote soma. Wewe niambie tu.

"Sawa, mama."

"Leo linaumaje?"

"Halijambo."

Kesho yake tena. "Halijambo." Likiwa na uchovu, halijambo. Mafua yamemjaa kichwani, machozi yanamtoka, halijambo. Sauti ileile, uso uleule mtulivu. Paskalina akimvuta mlangoni kumtazama, mtoto analifumbua jicho la kulia kwa nguvu, bila kupepesa, kama mwanafunzi anayeonyesha mikono kwa mwalimu.

Alikwenda kwa Mwalimu Eustace kuuliza kama angemwangalia. Mwalimu alikuwa amekonda tangu mambo yale. Alisema anamwangalia, anamkalisha dirishani penye mwanga, lakini ana darasa zima. "Njoo ukae naye mwenyewe ukipata nafasi, mama. Hakuna atakayekufukuza."

Basi akaenda. Mvua zilikuwa zinaaga, shamba la shule limekauka, watoto hawana tope la kunawa. Alikaa kwenye benchi karibu na makabati, kanga amejifunga vizuri kama anayekwenda kanisani. Watoto walimwamkia, shikamoo, shikamoo, akaitikia kwa kunong'ona. Mektilda alikuwa kwenye dawati la dirishani, kichwa upande, Najma pembeni yake. Alikuwa anasoma kitabu kinene kuliko vyote alivyowahi kuleta nyumbani.

Alifunua ukurasa. Akakunja uso kidogo, mkono ukaanza kupanda kuelekea jicho la kulia. Ukafika shavuni. Hapo akakumbuka kuna mtu kwenye benchi. Akamgeukia mama yake, akatabasamu, akaushusha mkono taratibu, akaukalia, akaendelea kusoma.